Ukuta wa Kushoto

Mteja anayekubali bei ya kwanza hana nia ya kununua. Gaceri alilijua hilo kabla ya kujua mambo mengine mengi ya dunia, na ndiyo sababu, asubuhi fundi Wamae alipokuja na tepu yake kupima chumba nyumbani kwake Gatitu, majibu ya mumewe yalimchoma kuliko matusi.

"Mzee," Gaceri alikuwa amemwuliza mumewe, "fito ya kutundika mashati yako tuweke juu namna gani? Hapa kwa bega, ama juu kidogo?"

Njiru alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga. "Popote utaona ni sawa, Mama Wendy."

"Na rafu za sweta? Upande wa dirisha ama upande wa mlango?"

"Ni sawa tu."

"Sawa wapi?"

"Popote."

Wamae alikohoa, akajifanya anasoma namba za tepu, ingawa tepu yenyewe alikuwa ameshaikunja.

Chumba hicho kilikuwa cha binti yao Wendy, ambaye sasa ameolewa Nanyuki. Gaceri alikuwa ameamua kukigeuza kabati: lile kabati mtu analoingia kwa miguu yake akasimama katikati, nguo zimemzunguka pande zote. Wendy ndiye aliyemwonyesha picha kwenye simu. Majirani walisema huyu mama wa makoti ya mitumba sokoni amepata pesa mpaka nguo zake zinalala chumba chao peke yao. Aliwaacha waseme. Jirani hakununulii mbao. Kwa nini akuchagulie pa kupigilia misumari?

Hakuwaambia kwamba chumba kile ni mtego. Alitaka kumnasa mumewe, amrudishe nyumbani, hata kama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale dirishani.

Njiru alikuwa mtu wa mlima. Alianza ujana Naro Moru akiwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni mgongoni mpaka kwenye barafu, na baadaye akawa kiongozi wa wapagazi, yeye ndiye anayesema tunaondoka saa hizi au tunangoja mawingu. Kisha macho yakaanza kumwacha. Yalianzia pembeni, kama pazia linalovutwa taratibu kutoka pande zote mbili, hata akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye paipu. Hospitalini walisema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kilichokwenda kimekwenda. Na kilichobaki hakikuwa kikubwa: mwanga wa dirisha, na kivuli cha mtu akipita.

Hilo alilibeba. Kilichomwangusha kilikuwa koti. Jumapili moja alijivalisha mwenyewe akaenda kanisani, kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, na juu yake koti la Gaceri lenye vifungo vya dhahabu. Gaceri alikuwa ametangulia kupanga viti, hakumwona alipotoka. Watu wazima walijikaza. Mtoto mmoja ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti ya kitoto inayofika kila benchi, mbona guka amevaa koti ya cucu, yaani babu kavaa koti la bibi.

Tangu siku hiyo Njiru hakutoka tena langoni. Kila asubuhi Gaceri alimtandazia nguo kitandani, shati juu ya suruali kama mtu aliyelala bila kichwa, naye alivaa alichowekewa. Chai ikiwa baridi, sawa. Ugali ukiwa mgumu, sawa. Alikuwa ameacha kubisha, na hapo ndipo Gaceri alipoingiwa na hofu, kwa sababu ndoa yao ilianzia sokoni na ilijengwa kwa ubishi.

Gaceri aliingia Nyeri akiwa msichana kutoka upande wa Meru, na beli moja, robota la mitumba ya blauzi, aliyochangiwa na mama zake wadogo. Blauzi zile zilimfundisha hasara. Alisimama nazo kwenye baridi ya Julai akitetemeka, akiwatazama wapita njia waliojikunyata, mpaka akili ikamjia: mtu anayetetemeka hanunui blauzi. Akahamia makoti, na hajawahi kuyaacha. Alijifunza kufungua beli na kwa kushika tu akajua ipi ni kamera, yaani nguo bora za kuchaguliwa kwanza, na ipi ni fagia, zile za mwisho zinazomwagwa chini na kuuzwa kwa makelele.

Njiru alikuja kwake kutafuta jaketi la mlimani. Aliokota moja jekundu, akavuta zipu, ikakwama katikati.

"Hii ungenipatia bure," alisema. "Zipu imekufa."

"Imelala tu. Ukipanda nayo mlima itaamka."

"Na nikifa huko juu na baridi?"

"Ukifa utanidai vipi?"

Walibishana mpaka chai ya saa nne ikapita. Hatimaye Njiru akaliweka jaketi chini, akaondoka. Gaceri alimtazama mgongo. Alikuwa anatembea polepole, kama mtu aliyesahau kitu. Mteja anayeondoka hivyo anangoja kuitwa. Ukimwita mapema umekula hasara, ukichelewa umempoteza. Alimwacha awapite wauza viatu. Alimwacha awapite wauza nguo za watoto. Alipofika pa kukunja kona, ndipo alipompigia ukelele: "Haya rudi, kastoma, tuelewane!"

Alirudi akicheka. Zipu ile haijaamka hadi leo, lakini jaketi limefika kileleni mara nyingi kuliko watu wengi wa Nyeri, na katika maisha yao yote hawa wawili hawajawahi kukubaliana jambo bila mmoja kuondoka kwanza na mwingine kumwita. Walibishania jina la mtoto. Walibishania rangi ya bati. Mtu wa namna hiyo akikuambia "popote ni sawa," ujue ameshaondoka, na safari hii hatembei polepole.

Basi Gaceri alipanga chumba peke yake, na alikipanga kwa ujuzi alionao. Alikataa rafu zishikane na ukuta wa nje, maana wakati wa ukungu ukuta huo hutoa jasho na nguo zikaota madoa. Aliamuru nafasi ya kupitisha mkono nyuma, nguo zipumue. Fremu zikawa za saipresi iliyokauka vizuri, ambayo aliipiga kofi na kuinusa ubao kwa ubao kabla ya kuikubali. Kulikuwa na mbao za mtarakwa pia, zilizopasuliwa kutoka nguzo za ua wa zamani kule Tetu, shambani kwa kina Njiru. Mtarakwa una harufu ambayo nondo hawaipendi, na nguzo za namna hiyo hukaa ardhini miaka bila kuoza. Kuzichoma kuni ni dhambi.

Mpaka hapo hakukosea. Alikosea alipoanza kupanga nguo zenyewe, kwa sababu mikono yake ilijua mpango mmoja tu. Mbele kabisa, usawa wa uso, mtu akiingia tu akutane nazo, aliweka suti za Njiru: ile ya kijivu, ile ya harusi ya Wendy, ile ya mistari. Chini ya suti alimwagiza Wamae atengeneze droo, zote za kipimo kimoja, zilizonyooka kama meno ya mtoto, nusu za mumewe na nusu zake. Buti za mlimani na jaketi jekundu alivitia kwenye katoni, akavipandisha rafu ya juu karibu na dari. Ukuta wa kushoto akautundika kioo kirefu, kwa sababu Wendy alisema kwa simu, "Mami, bila kioo hiyo ni stoo tu," na kando ya kioo akayapanga makoti yake mwenyewe, meusi kwanza, kisha ya kahawia, kisha ya rangi.

Wamae alisimama mlangoni, penseli sikioni, akatazama kazi ya mikono yake.

"Mama Wendy, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Hii ni ya kuvaa ama ya kuuza?"

"Fundi, wewe piga randa."

Akamwita Njiru. "Ingia, mzee. Hii ni kabati yako. Chagua mwenyewe unataka kuvaa nini."

Njiru aliingia mikono mbele. Aligusa suti, akagusa suti nyingine, akagusa ya tatu. Akainama, akavuta droo, akapapasa ndani, akairudisha taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Akavuta nyingine, akairudisha vile vile. Kisha akageuka kuelekea mwanga wa dirisha na kusimama.

"Ni nzuri sana, Mama Wendy," alisema. "Umefanya kazi. Sasa nipee tu ile sweta, nasikia baridi."

Gaceri alimpa sweta. Akaenda jikoni, akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Hakulia, machozi hayana mnunuzi. Alisimama pale akijiuliza swali alilojiuliza kila jioni ambayo koti zuri lilirudi nyumbani bila kuuzwa: nimekosea wapi? Koti ni zuri. Mteja yuko na baridi. Kwa nini hanunui?

Alipopata jibu, alijipiga paja. Mwanafunzi wa siku ya kwanza sokoni angelijua. Alikuwa anatoa bure! Chukua hii, chukua na ile, chagua unachotaka. Nani anabishania kitu cha bure? Cha bure mtu hushukuru akakaa chini. Kumwamsha mteja aliyelala, unamtajia bei ya kumwudhi.

Akarudi chumbani akijifuta mikono kwenye leso.

"Wamae," alisema, kwa sauti ile ya sokoni inayovuka vibanda, "toa nguo zote za huyu mzee. Mpatie rafu moja. Ile ya chini kabisa, nyuma ya mlango."

Wamae aliinua macho. "Moja, mama?"

"Moja. Hizo zingine zote ni zangu. Mtu hataki kitu, unamlazimisha ya nini?"

Njiru, aliyekuwa amerudi kuketi dirishani, akageuza uso. Kisha kiti cha plastiki kikalia.

"Na buti zangu?" Njiru aliuliza.

"Buti zinaenda sokoni kesho. Pamoja na hiyo jaketi nyekundu. Ingawa sijui nani atanunua, na zipu ni mbovu."

"Zipu ni nini?"

"Ni mbovu."

"Uliniambia imelala!"

"Nilikuwa nauza."

"Ati alikuwa anauza! Wamae, unasikia huyu mama? Miaka yote hii nangojea hiyo zipu iamke!"

Wamae alisema yeye hasikii kitu, anapiga msasa.

"Rafu moja," Gaceri akarudia. Moyo wake ulikuwa unamdunda kama wa mtu anayekata kamba za beli asiyojua ndani kuna nini, lakini sauti aliishika vizuri.

"Nataka ukuta mzima," Njiru alisema.

"Ukuta! Kwani wewe ni chifu?"

"Ule wa kushoto. Kutoka dirisha mpaka mlango."

"Hapo ndio makoti yangu yanakaa. Nitakuongeza rafu ya pili."

"Hiyo ya pili weka soksi zako. Nipishe."

Akainuka. Gaceri alitaka kumshika mkono, akaukunja mkono wake mwenyewe kwenye leso. Njiru alipapasa ukutani, akafika kwenye droo, akazipiga teke dogo.

"Hizi nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Zote zinafanana. Saa ile nimeweka mkono nikashika petikoti yako."

"Ungeshukuru."

Wamae alicheka akaangusha msasa. Njiru naye mdomo ulimcheza, ila hakutoka kwenye biashara.

"Sikia, nikwambie. Kule juu, siku ya kilele, tunaamka bado ni giza. Vidole vimeganda, na tochi ya mgeni imekufa, maana tochi ya mgeni lazima ife. Hakuna mtu anatafuta kitu na macho. Unalala kama umeshapanga. Kitu ya kuvaa kwanza inalala karibu na kichwa, ya mwisho inalala karibu na mlango wa hema. Soksi zinalala ndani ya buti. Glavu zinalala ndani ya kofia. Mkono unaenda mbele tu, haurudi nyuma. Yule wa kurudisha mkono nyuma, ndiye tunamwacha kambini."

Alikuwa amefika dirishani. Alisimama, uso kwenye mwanga.

"Hii dirisha bado naiona. Nikiingia nakuja hapa moja kwa moja. Halafu naanza kurudi na huu ukuta. Hapa vesti. Wamae, andika. Hapa shati. Hapa suruali, zitundikwe, zisikunjwe. Hapa sweta, rafu iwe wazi, sitaki milango, sitaki droo. Kila kitu na kimo yake, hii kwa kiuno, hii kwa kifua, hii kwa bega, mkono ujue uko wapi. Hapa jaketi. Buti hapa chini. Nikifika mlangoni, nimevaa."

Ukuta mzima aliupita hivyo, kiganja kikigonga ubao kila alipotaja kitu, na alipofika mlangoni alikuwa amenyooka kama mtu aliyetoka kukabidhi mzigo.

"Na suti?" Gaceri aliuliza.

"Hizo ni za harusi na mazishi. Zipande huko juu kwa katoni."

"Suti kamera kama hizo!"

"Kamera yako. Kwangu ni fagia."

"Na kioo?"

"Peleka upande wako. Mimi najijua sura."

"Na mtarakwa? Hiyo mbao ni ya kuzuia nondo kwa makoti yangu."

"Mtarakwa nataka hapa kwa jaketi, karibu na mlango. Nikiisikia harufu, najua nimefika. Pua haijapata presha."

Gaceri aliutazama ukuta wa kushoto. Ndio uliokuwa bora, mkavu, usiotazama nje. Makoti yake yangelazimika kuhamia upande wa baridi, na ingembidi kuyatoa jua kila mara wakati wa ukungu. Hilo alilipima, na alilipima kwa haki, kwa sababu hasara ni hasara hata ukiikubali kwa hiari.

"Nakupa ukuta," alisema, "lakini rafu ile juu ya sweta ni yangu."

"Ya nini? Hata hufiki."

"Ni yangu."

Hakuwa na haja nayo. Lakini ukimpa mteja kila alichoomba, akifika nyumbani ataanza kufikiri kwamba umemwibia.

"Chukua," Njiru alisema. "Lakini ujue umenifinya."

Wamae alizing'oa droo alizozipigilia kwa fahari, akalalamika kidogo kama ilivyo haki ya fundi, na akaanza upya. Safari hii Njiru hakukaa dirishani. Alikuwa nyuma ya fundi, akipima kwa mwili wake: akiweka kiganja kwenye kifua na kusema hapa, kwenye kiuno na kusema hapa. Kila ubao alioupigilia Wamae aliupapasa pembe, na penye makali alisema parudiwe. Vumbi la mtarakwa liliwajaa nywele. Gaceri aliwapelekea chai, na Njiru akasema imepoa.

"Imepoa?" Gaceri aliuliza.

"Hii ni maji ya kuoga mtoto."

Akairudisha jikoni kuipasha moto tena, akiimba kimoyomoyo.

Jumapili iliyofuata alikitandika kitanda bila kuweka nguo juu yake. Akaketi sebuleni, kibeti kikining'inia kwenye msumari wa kando ya mlango kama kawaida, akasikiliza. Nyayo zilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha. Kimya cha vesti. Enga ya shati ikagonga fito. Bizimu ya mkanda ikalia. Kisha kimya kirefu mahali pa sweta, kirefu mno, na Gaceri akainuka nusu. Akajilazimisha kukaa. Koti halimkai mtu vizuri ukimvuta mkono.

Njiru alitokea mlangoni. Shati jeupe, suruali nyeusi, sweta ya bluu, jaketi jekundu zipu ikiwa wazi kama ilivyokuwa siku zote, buti zote mbili ni za jozi moja. Sweta alikuwa ameivaa ndani nje, mishono yote ikionekana.

"Sweta umegeuza," Gaceri alisema.

"Najua. Hivi ndivyo iko na joto."

Huo ulikuwa uongo mtupu, wa kisoko kabisa, na Gaceri aliusikia ukimpita mwilini kama uji wa asubuhi.

Njiru alipapasa kando ya mlango, mkono ukakuta kibeti. "Na huu msumari naomba. Nataka kutundika kofia na fimbo."

"Msumari ni wa kibeti yangu."

"Kibeti kinaweza kukaa kwa kiti."

"Hata fimbo inaweza kusimama kwa kona."

"Fimbo ikianguka nitaitafuta na nini?"

"Na mguu."

"Huo msumari nilipigilia mimi, Mama Wendy."

"Kwa nyundo yangu."

"Basi kaa nao," Njiru alisema. Akachukua fimbo, akafungua mlango, akatoka nje.

Gaceri alisimama kizingitini. Kulikuwa na baridi, na mlima ulikuwa umefunuka mpaka juu, mweupe. Njiru hakuuona, lakini alipoufikia mwanga wa ua aliinua uso upande huo kabla ya kuendelea. Alitembea peke yake, fimbo ikigusa changarawe mbele yake, akipita kamba ya nguo, akipita tangi la maji, kuelekea lango ambalo hakuwa amelifungua tangu siku ya lile koti. Alikuwa anatembea polepole, kama mtu aliyesahau kitu.

Gaceri alishika fremu ya mlango, asije akaita mapema. Alimwacha apite mti wa parachichi. Alimwacha apapase komeo na kulifungua. Mguu mmoja ulikuwa tayari barabarani, mama mmoja wa kanisani akimsalimia, "Guka, umependeza!", ndipo Gaceri alipokitoa kibeti kwenye msumari na kupiga ukelele uliofika nyumba ya tatu:

"Haya rudi, kastoma, tuelewane!"